Sura ya Jengo na Mwonekano Wake: Utawala wa Michoro katika Tarakilishi na Tatizo la Istilahi

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi mchoro uonyeshao upande mmoja wa jengo, kama ulivyosimama wima mbele ya mtazamaji, unavyopatikana na kutawaliwa katika programu za tarakilishi ambazo wasanifu majengo huzitumia siku hizi. Ya pili ni kuonyesha kwamba istilahi za Kiswahili za fani hii haziwezi kuundwa vyema kabla ya utendaji wa programu zenyewe kufahamika. Mfasiri mara nyingi hulishika neno la kigeni, akalitafutia mwenziwe katika kamusi, kisha akaridhika. Kumbe alilolitafsiri ni jina tu, na kitu chenyewe kimebaki nje ya lugha.

Mfano ulio wazi ni neno la Kiingereza “elevation”. Mwenye kufungua kamusi atalikuta limefasiriwa kwa mwinuko, na tafsiri hiyo haina kosa iwapo mazungumzo ni ya jiografia, kwani twasema kwamba Nairobi iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Lakini mtu akiandika “mwinuko wa kaskazini wa nyumba”, msomaji wa Kiswahili atafikiri kwamba upande wa kaskazini wa nyumba hiyo pana kilima. Neno limepatikana, maana imepotea.

Huenda mwenzetu akauliza jambo hili lina uzito gani kwa idara ya lugha. Jibu ni kwamba mchoro huu ni aina ya maandishi, na wasomaji wake si wachache. Mwenye nyumba huutazama ili ajue nyumba yake itafananaje. Afisa wa serikali ya kaunti huutazama kabla ya kuidhinisha ujenzi. Fundi huutazama ili ajue dirisha lianzie wapi na paa liishie wapi. Wote hawa huusoma mchoro hali mchoraji hayupo, wala hawawezi kumwuliza alikusudia nini. Ukiwadanganya, hasara yake hulipwa kwa mawe na saruji. Na katika nchi ambamo mazungumzo ya mahali pa ujenzi huendeshwa kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, wanaofundisha Kiswahili hawawezi kulikwepa jukumu la kuyatafutia mambo haya maneno.

2. Mchoro huu ni nini?

Wazo lenyewe ni la kale. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alitaja namna tatu za kulionyesha jengo: alama yake juu ya ardhi, sura yake iliyosimama wima, na picha yake ionyeshayo mbele pamoja na ubavu unaorudi nyuma. Katika karne ya 15, Leon Battista Alberti wa Italia alitenga kazi ya mchoraji picha na kazi ya msanifu. Wa kwanza hutumia vivuli na mistari inayofifia ili vitu vionekane vimejitokeza. Wa pili hutaka vipimo na pembe zilizo za kweli. Katika mihadhara yake ya mwaka 1795 Mfaransa Gaspard Monge aliiweka elimu hii juu ya msingi wa hisabati, akaonyesha jinsi umbo lenye pande tatu linavyoweza kuelezwa kikamilifu kwa michoro iliyolala juu ya karatasi.

Kanuni iliyo nyuma ya mchoro huu ni nyepesi kueleza. Jicho la binadamu hupokea miale ya nuru inayokutana mahali pamoja, ndiyo maana mti ulio mbali huonekana mdogo kuliko ulio karibu. Katika mchoro tunaouzungumzia, miale yote huchukuliwa kuwa sambamba. Matokeo yake ni kwamba umbali haupunguzi ukubwa wa kitu. Ukuta wa mita 10 uliokabiliana na mtazamaji, ukichorwa kwa skeli ya 1:100, utakuwa sentimita 10 juu ya karatasi, uwe uko mbele kabisa au uwe nyuma kwa mita 20. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuweka rula juu ya karatasi na kupima.

Hata hivyo ziko nyuso ambazo mchoro huzifupisha. Ukuta ule ule wa mita 10 ukiwa umegeuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka kwenye bapa la mchoro, utaonekana kuwa na mita 8.66 tu. Fundi asiyelijua hilo atapima ukuta huo kwa rula na kupungukiwa na zaidi ya mita moja.

Sasa tumefika kwenye kiini cha tatizo. Kwa kuwa umbali haubadilishi ukubwa, mchoro huu hauna njia yake wenyewe ya kueleza kilicho mbele na kilicho nyuma. Nguzo ya baraza iliyojitokeza mita 3 na ukuta ulio nyuma yake huwa mistari miwili iliyo sawa. Habari ya umbali imetolewa kafara ili vipimo vibaki kweli. Haina budi kurudishwa kwa njia nyingine, nazo ni unene wa mistari, vivuli, na alama za vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo mwonekano wa mchoro huu haupaswi kuhesabiwa kuwa pambo. Ni sehemu ya maana yake, kama vile kiimbo kilivyo sehemu ya maana ya sentensi “Baba amekuja”, ambayo kwa kiimbo peke yake yaweza kuwa taarifa au swali.

3. Kutoka kuchora hadi kuamuru

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika taasisi ya MIT huko Marekani, alionyesha programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha tarakilishi. Programu ya AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, iliisambaza kazi ya namna hiyo katika ofisi nyingi duniani. Lakini kwa matumizi yake ya kawaida katika miaka hiyo, tarakilishi ilikuwa meza ya kuchorea iliyo bora zaidi. Mistari ilibaki kuwa mistari, na programu haikujua kwamba mstari huu ni ukuta na ule ni ukingo wa paa.

Wazo la pili lilikuwa la kina zaidi. Mwaka 1975 Charles Eastman, akiwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alichapisha maelezo ya mfumo ambamo tarakilishi ingehifadhi maelezo ya jengo lenyewe, na michoro yote ingetolewa humo. Badiliko lingefanywa mara moja tu, na kila mchoro ungelifuata. Wazo hilo ndilo lililotimizwa na programu kama ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft, iliyoanzishwa Hungaria mwaka 1982, na Revit, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002. Katika makala haya tutaitumia Revit kama mfano wetu mkuu, na ArchiCAD tutaitaja pale inapotupa mwanga.

Tofauti baina ya mawazo haya mawili ni kubwa. Mchoraji wa karatasi alijua kwamba nguzo iko mbele, kwa hiyo alishika kalamu nene. Alipofika kwenye ukuta wa nyuma aliiweka chini akashika nyembamba. Ujuzi wake ulipita mkononi bila kutamkwa. Katika Revit hakuna anayeuchora mchoro huo. Mtumiaji hujenga kielelezo cha jengo, kisha huiambia programu iutazame upande fulani, nayo huutoa mchoro papo hapo. Programu yajua kwamba kitu hiki ni ukuta, lakini haijui kwamba ukuta huu una umuhimu kuliko ule. Isipoamriwa vingine, itazipa kuta zote unene mmoja wa mstari, za mbele na za nyuma, na mchoro utakuwa bapa kama karatasi iliyokunjuliwa. Ujuzi uliokuwa mkononi mwa mchoraji hauna budi sasa kutamkwa kwa kanuni.

4. Mambo matatu yanayotawaliwa

Mtu akifungua programu ya namna hii kwa mara ya kwanza hukutana na wingi wa madirisha na orodha unaotisha. Lakini mambo yanayotawala mwonekano wa sura ya jengo yaweza kugawanywa katika mafungu matatu, ambayo tutayaita jicho, kitu na kalamu.

4.1 Jicho

Katika ramani ya sakafu mtumiaji huweka alama yenye mshale. Alama hiyo ndiyo mahali pa jicho, na mshale ni mwelekeo wa kutazama. Pamoja nayo huwekwa mipaka: wa kushoto na wa kulia, wa juu na wa chini, na kikomo cha mbali, yaani mahali ambapo jicho huacha kuona. Kikomo hicho kikiachwa wazi, majengo yote ya jirani yaliyomo katika kielelezo yataingia mchoroni. Kikivutwa karibu mno, paa la nyuma litatoweka.

Yapo mambo mawili hapa yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni kwamba mahali pa jicho ni mahali pa kweli ndani ya kielelezo. Iwapo mwenye nyumba ataomba baraza iongezwe, na baraza hiyo ikaipita alama ya jicho, programu itaikata baraza katikati, na mchoro uliokuwa wa sura utageuka kuwa mkato pasipo mtu kukusudia. La pili ni jina. Sura ya kaskazini ni ile ya upande unaokabili kaskazini, nayo hutazamwa na mtu aliyesimama kaskazini akielekeza macho kusini. Jina limefuata uso wa jengo, wala halikufuata mwelekeo wa macho. Wanafunzi huchanganyikiwa hapa, na wataalamu wa lugha hawatashangaa, kwani ni tatizo lile lile la “mbele ya mti”: je, mbele ni kwa mti au kwa msemaji? Tena Revit hutofautisha kaskazini ya kweli na kaskazini ya mradi, yaani upande ambao mchoraji ameuchagua kuwa juu ya karatasi. Majina ya sura kwa kawaida hufuata hii ya pili.

4.2 Kitu

Fungu la pili ni kitu chenyewe na kiasi cha ubainifu kinachotakiwa. Revit hutoa viwango vitatu vya ubainifu: mdogo, wa wastani na mkubwa. Dirisha lile lile laweza kuwa mstatili mtupu katika kiwango cha kwanza, na katika cha tatu likaonyesha fremu na vyuma vyake.

Vifaa vya ujenzi navyo hubeba ruwaza zao, kama vile safu za matofali au mawimbi ya mabati. Ruwaza hizi ni za aina mbili. Iko ruwaza ya kitu, ambayo vipimo vyake ni vya jengo. Matofali yakiwa na kimo cha milimita 200 yatabaki hivyo katika kila skeli. Iko pia ruwaza ya karatasi, ambayo nafasi kati ya mistari yake haibadiliki juu ya karatasi hata skeli ikibadilika. Sura ya jengo huhitaji zaidi ile ya kwanza, lakini ina mtego. Mabati ya mawimbi ya kawaida yana umbali wa takriban milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi. Katika skeli ya 1:100 umbali huo huwa milimita 0.76. Yakichorwa kwa mistari ya milimita 0.25, thuluthi moja ya eneo la paa itafunikwa na wino. Na katika skeli ya 1:200, thuluthi mbili. Paa litakuwa doa jeusi linalolemea mchoro mzima, ingawa kila mstari ndani yake umewekwa mahali pake pa kweli. Mwenye kutawala mchoro hupunguza unene wa mistari hiyo, akaipa rangi ya kijivu, au akaichagulia ruwaza nyingine kwa skeli ndogo. Ukweli wa kila sehemu hautoshi. Wote kwa pamoja lazima usomeke.

4.3 Kalamu

Fungu la tatu ni namna mistari inavyowekwa. Revit ina nambari 16 za unene wa mistari ya kielelezo, na kila nambari yaweza kupewa kipimo chake kwa kila skeli. Hivyo mstari wa nambari 5 huwa mnene zaidi katika mchoro wa 1:50 kuliko katika ule wa 1:200. Vipimo vyenyewe hufaa kufuata mfululizo wa kalamu za kimataifa wa milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5 na 0.7, ambamo kila kipimo ni takriban mara 1.4 ya kilichotangulia. Tofauti ndogo kuliko hiyo hazitambuliwi na jicho kwa urahisi. Desturi ya wachoraji ni kuupa mstari wa ardhi unene mkubwa kuliko yote, kwani hapo ardhi imekatwa. Halafu kando za maumbo yaliyo mbele, halafu milango na madirisha, na mwisho ruwaza za vifaa.

Ziko njia za kuisaidia programu ikaribie desturi hiyo. Yaweza kuamriwa ififishe mistari kadiri vitu vinavyokaa mbali na jicho, au ikoleze kando za maumbo. ArchiCAD, kwa upande wake, humruhusu mtumiaji kuweka mpaka wa eneo la mbali na kulipa kalamu na rangi zake.

Kivuli nacho chastahili neno. Kwa desturi ya karatasi, jua huchukuliwa kuwa limekuja kutoka juu kushoto nyuma ya mtazamaji, kwa namna ambayo ukingo wa paa uliojitokeza sentimita 60 huangusha kivuli cha sentimita 60. Kivuli hicho ni kipimo: msomaji hukitazama akajua paa limejitokeza kiasi gani. Programu zaweza pia kutoa kivuli cha jua la kweli kwa mahali, siku na saa zilizotajwa. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni mjini Nairobi, jua huwa upande wa kaskazini kwa kimo cha takriban digrii 65, na ukingo ule ule huangusha juu ya ukuta wa kaskazini kivuli cha karibu mita 1.3. Vivuli hivi viwili vinaeleza mambo mawili mbalimbali, cha kwanza umbo na cha pili hali ya hewa ya nyumba, na anayevitumia sharti ajue amekitumia kipi. Aidha, mtumiaji akisahau kubadilisha mahali, na programu ikabaki na mji fulani ulio mbali kaskazini mwa dunia, ukuta wa kaskazini hautapata jua la adhuhuri hata siku moja katika mwaka. Mchoro huo utakuwa mzuri, lakini utakuwa wa nyumba ya nchi nyingine.

5. Ngazi za amri

Jambo ambalo huenda likawavutia zaidi wasomaji wa jarida hili ni utaratibu ambao amri hizi hufuata zinapogongana. Ngazi ya chini ni kanuni ya aina: katika mradi mzima, kuta zote zina mstari wa unene fulani, milango unene mwingine. Juu yake iko amri ya mchoro mmoja: katika sura hii, kuta ziwe hivi. Juu yake tena iko amri ya kichujio, ambayo huvikusanya vitu kwa sifa zao pasipo kujali mahali vilipo, kwa mfano kuta zote za ua. Mwisho iko amri ya kitu kimoja, na hata ya ukingo mmoja wa kitu hicho. Kwa ujumla, amri mahususi huishinda amri ya jumla. Na vichujio viwili vikigongana, kilicho juu katika orodha hushinda.

Sisi tunaofundisha upatanisho wa nomino tumekwisha kuuona utaratibu huu. Nomino kisu hutawaliwa na ngeli yake: “kisu changu kimepotea”. Kiboko ana umbo lile lile, lakini ni kiumbe hai, na sifa hiyo huifuta kanuni ya umbo: “kiboko wetu amekufa”. Hiki ni kichujio kamili, kwa maana hupita katika ngeli zote kikitafuta sifa moja. Kisha latokea neno ndugu, ambalo ni la kiumbe hai, na bado twasema “ndugu yangu amefika”. Kanuni ya majina ya ujamaa imeingia juu ya ile ya uhai, lakini imegusa kimilikishi peke yake; kitenzi kimebaki chini ya kanuni ya uhai.

Hivyo ndivyo ilivyo katika Revit. Amri ya juu ikitaja unene wa mstari tu, rangi ya mstari huo itaendelea kutawaliwa na ngazi ya chini yake. Mtumiaji asiyelijua hili huona mchoro wake una sehemu zilizotii na sehemu zilizokaidi, akadhani programu ina kasoro. Kumbe kila sehemu imetii amri yake mahususi zaidi.

Yafuata basi kwamba busara ni kutawala kutoka chini. Linaloweza kuamriwa kwa aina nzima lisiamriwe kwa kitu kimoja kimoja. Na amri zilizokwisha kupangwa kwa sura moja huhifadhiwa katika kiolezo, ambacho huwekwa juu ya sura nyingine tatu, ili nyumba moja isionekane kana kwamba imechorwa na watu wanne.

6. Hatari ya kusahihisha kwa mkono

Muda unapokuwa mfupi, kishawishi ni kikubwa cha kuacha kanuni na kuusahihisha mchoro juu juu. Revit huruhusu kuchorwa kwa mistari isiyo sehemu ya kielelezo, pamoja na kuwekwa kwa vifuniko vyeupe vinavyoficha kilicho chini yake. Mchoraji akiona ukingo haujakolea, huuchora juu yake mstari mnene, na karatasi ikatoka nzuri.

Tuseme sasa mwenye nyumba anaomba dirisha la sebule lisogezwe kushoto kwa sentimita 90. Kielelezo kinabadilishwa mara moja. Ramani ya sakafu inafuata, mkato unafuata, na sura inafuata. Lakini ile mistari ya mkono haikufungwa na dirisha, na yaweza kubaki ilipokuwa. Kifuniko kilichokuwa kimeficha kasoro ndogo sasa kimelifunika dirisha lenyewe. Fundi atakayeipokea karatasi hiyo ataona ramani ikisema hivi na sura ikisema vile, wala hana njia ya kujua ni ipi iliyo kweli. Mchoro wa karatasi ulipokosea, ulikosea kwa uzembe wa mtu. Huu umekosea ukiwa umevaa heshima ya tarakilishi, na kwa hiyo huaminiwa zaidi.

ArchiCAD imeliweka suala hili wazi kwa kumtaka mtumiaji aitangaze hali ya sura yake. Yaweza kuwa hai, ikajirekebisha yenyewe kila kielelezo kinapobadilika. Yaweza kurekebishwa kwa amri tu. Au yaweza kukatwa kabisa na kielelezo na kuwa mchoro mtupu. Kila hali ina mahali pake pa kutumika. Lililo muhimu ni kwamba anayeichagua hali ya tatu ajue kwamba kuanzia saa hiyo dhamana ya ukweli imehama kutoka kwenye kielelezo na kumwangukia yeye.

7. Istilahi

Baada ya maelezo hayo twaweza kurudi kwenye maneno. Tunapendekeza sura ya jengo kwa mchoro wenyewe, kama sura ya mbele, sura ya nyuma, sura ya kaskazini. Neno uso lingeweza kufaa, na Waarabu hutumia wajiha, neno lenye asili moja na uso. Lakini katika programu uso huhitajika kwa kila bapa la kila kitu, na neno moja haliwezi kuzibeba kazi zote mbili. Wajerumani hutumia Ansicht, lenye asili ya kutazama, na kwa kuwafuata wao tungeweza kusema mwonekano. Hili nalo tunalikataa, kwa sababu mwonekano ndio hasa unaotawaliwa. Sura ni moja, mionekano yake ni mingi: sura ile ile yaweza kutolewa kwa mistari mitupu kwa ajili ya fundi, na kwa rangi na vivuli kwa ajili ya mwenye nyumba. Lugha isiyotenganisha maneno haya mawili haiwezi kueleza sentensi hiyo. Kwamba sura pia ni sehemu ya kitabu si kikwazo, kwani muktadha hutofautisha.

Maneno mengine tuliyoyatumia ni haya: ramani ya sakafu, mkato, kielelezo, kikomo cha mbali, kichujio, kiolezo, ruwaza ya kitu na ruwaza ya karatasi. Mengi yake yamekwisha kutumika katika nyanja nyingine. Kuhusu mstari, tumesema unene, ingawa Waingereza husema uzito. Mstari wa Kiswahili ni mnene au mwembamba. Haupimwi kwa mizani.

Iko pia hoja ya fundi. Yeye huiita karatasi yote ramani, iwe ni ya sakafu, ya sura au ya mkato, na matumizi haya yameota mizizi. Hatuoni haja ya kuyapiga vita. Ramani na ibaki kuwa jina la jumla la mkusanyo wa michoro ya jengo, na ramani ya sakafu iwe jina mahususi. Istilahi inayomlazimisha fundi kulitupa neno lake haitafika mahali pa ujenzi, itabaki katika orodha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba sura ya jengo hutunza vipimo kwa kuutoa kafara umbali, na kwamba mwonekano ndio unaourudisha umbali huo. Tumeona pia kwamba kazi hiyo, ambayo zamani ilifanywa na mkono bila maneno, sasa hufanywa kwa amri zilizopangwa kwa ngazi. Hapa ndipo fani hii inapogusana na yetu. Maadamu ujuzi ulikaa mkononi, fundi na mchoraji waliweza kurithishana kwa kutazamana. Ukiwa umegeuka kuwa kanuni, hauna budi kutamkwa, na mwanafunzi wa Kenya huutamka kwa Kiingereza kwa sababu hajapewa maneno mengine. Tungependekeza kwamba wanaounda istilahi za fani hii waketi na msanifu mbele ya tarakilishi, wabadilishe amri moja baada ya nyingine na kutazama mchoro unavyogeuka, kabla hawajaandika neno hata moja.